Fundi aonekane, nyumba ya mteja isionekane: shajara ya mradi, Mtwara

Mwisho wa Juni

Karakana iko Chikongola, Mtwara mjini. Wanafunga kamera za CCTV, fensi za umeme, ving'ora, mageti ya rimoti na vitasa vya alama ya kidole. Kwenye nyumba mpya wanafunga pia taa na feni za kuwashia kwa simu. Ufundi wanao. Wateja wao karibu wote wamekuja kwa kuelekezwa: jirani kamwambia jirani, fundi rangi kamleta bosi wake. Ukiandika "fundi kamera Mtwara" kwenye Google, zinatangulia kurasa za maduka ya Dar es Salaam yanayouza kamera na kuzituma kwa basi, kisha inakuja ramani yenye alama chache, mojawapo ni duka la simu. Karakana haimo.

Tumepewa kazi ya kuiingiza humo kabla msimu wa korosho haujachanganya. Minada ikianza Oktoba fedha zinaingia kwenye akaunti za wakulima, na kuanzia hapo hadi mwaka mpya mji unajenga, unapiga rangi, unabadilisha mageti. Kurasa za tovuti na wasifu wa Google, yaani ule ukurasa wa biashara unaotokea kwenye ramani, vinapaswa kuwa vimeshakaa mtandaoni kabla ya hapo.

Kabla ya kugusa kompyuta tumekaa na mwenye karakana, tukamuuliza mteja gani hasa anaweza kumtafuta Google. Mzaliwa wa hapa hatafuti. Anamuuliza shemeji yake. Anayetafuta ni mgeni: mtumishi aliyehamishiwa juzi, mkandarasi aliyekuja na kazi ya miezi sita, meneja wa nyumba ya wageni. Na yupo mwingine ambaye mwenye karakana alimtaja kwa msisitizo, yule aliyejenga Shangani au Mikindani lakini anaishi Dar, Dodoma au ng'ambo, na nyumba kaiacha na mlinzi mmoja. Huyu hana wa kumuuliza usiku saa tano akiwa mbali, anauliza simu yake.

Tukaonyesha mpango wa kawaida wa kazi kama hizi: picha nyingi za kazi zilizokamilika, maoni ya wateja, majina ya mitaa tuliyofanyia kazi. Mwenye karakana akatusimamisha kwenye picha. "Mdogo wangu, mtu ananiita nimlinde, halafu mimi nikamtangaze kwamba hapa kuna vitu vya kulinda?" Hilo limekuwa sharti la kwanza la mradi, na kwa kweli ndilo linaloutofautisha na kumtangaza fundi bomba au saluni. Kila hatua tutaipitisha kwenye swali hilo: je, mwizi akisoma hiki anapata nini?

Julai, mwanzoni. Wasifu wa Google

Google wanasema wazi kwamba matokeo ya ramani yanapangwa kwa mambo matatu: biashara inahusiana kiasi gani na kinachotafutwa, iko umbali gani kutoka kwa anayetafuta au mahali alipotaja, na inajulikana kiasi gani. Umbali hatuwezi kuubadili. Mengine mawili tunayafanyia kazi.

Jina tumeliandika kama lilivyo kwenye kibao cha mlangoni. Kuna biashara zimeandika jina na kulibandika "CCTV bei nafuu Mtwara" mkiani. Kanuni za Google zinakataza, na wasifu unaweza kusimamishwa. Kundi kuu tumechagua la wafungaji wa mifumo ya ulinzi. Unaruhusiwa kuongeza mengine hadi tisa. Sisi tumeongeza ya nyumba janja na ya mafundi umeme, basi. Kujaza kundi la kitu usichokifanya kunaleta simu za watu wanaotafuta betri za magari.

Uthibitisho tumeufanya kwa video. Google wanataka video isiyokatwa wala kuhaririwa, isiyopungua sekunde 30, inayoonyesha mahali, kwamba biashara ipo, na kwamba wewe ndiye unayeiendesha. Hapa ile kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022 imetusaidia sana: tumeanzia kwenye nguzo ya jina la mtaa, tukapita kwenye kibao cha namba ya jengo, tukafika kwenye bango la karakana, fundi akafungua kufuli kwa ufunguo wake, tukaishia kwenye meza ya kazi yenye mashine za kurekodia na koili za waya. Kitabu cha oda tulikigeuza kifudifudi kabla ya kuanza, kwa sababu kina majina na mitaa ya wateja. Wasifu umekubaliwa siku chache baadaye.

Eneo la huduma: Mtwara mjini, Mikindani, Naliendele, Mtwara vijijini, Lindi. Masasi tumeiacha kwa makusudi. Mwongozo wa Google unasema eneo la huduma lisizidi takribani saa mbili za kuendesha gari kutoka ulipo, na Masasi ni karibu kilomita 200. Wateja wa kule tutawafikia kwa njia ya tovuti.

Namba ya simu imeandikwa kwa +255 kila mahali, na kiungo cha WhatsApp vilevile. Ni jambo dogo, ila mtu wa Muscat au London akibonyeza namba inayoanza na sifuri haimpeleki popote.

Julai, katikati

Tumesoma meseji za zamani za WhatsApp za karakana, kwa ruhusa ya mwenye nayo na bila kunakili majina wala namba, kuona watu wanaulizaje. "Kufunga kamera", "waya wa umeme juu ya ukuta", "geti la rimoti", "kitasa cha kidole", "kamera ya sola". Kipeperushi cha karakana kilikuwa kimejaa maneno ya zabuni ambayo hakuna mteja aliyewahi kuyaandika. Tumeyaondoa. Maelezo ya wasifu yana nafasi ya herufi 750, na yote yameandikwa kwa maneno ya wateja wenyewe.

Julai, mwishoni. Ubao

Picha. Wasifu usio na picha unapitwa, na mteja ana haki ya kuona kazi ya fundi kabla ya kumwita. Ila tulipopitia picha zilizokuwa kwenye simu za mafundi na kwenye status zao, tuliona jinsi mambo yanavyovuja. Picha moja ya "kazi imekamilika" ilikuwa na geti, namba ya nyumba, gari na namba zake. Nyingine ilikuwa nzuri ya kiufundi, waya zimepangwa vizuri ndani ya boksi, lakini kibandiko cha mashine ya kurekodia kinasomeka chote: namba ya mashine, msimbo wa uthibitisho, na ile alama ya mraba ya kuskani ambayo ndiyo mtu anaitumia kuiunganisha mashine na simu. Nyingine ni skrini ya kamera nne, yaani ramani kamili ya wapi kamera inaona na wapi haioni.

Mafundi wamezifuta wenyewe, bila kulazimishwa. Kijana mmoja aliuliza swali la maana: sasa kazi yangu nitaionyeshaje?

Jibu limekuwa ubao. Kwenye ukuta wa ndani wa karakana tumefunga mbao mbili za plaiwudi, zikapigwa rangi nyeupe. Juu kuna kamera nne, mbili za umbo la kuba na mbili za umbo la risasi, chini yake mashine ya kurekodia na betri ya akiba. Pembeni kuna kipande cha fensi ya umeme chenye nyaya sita, mashine yake ya kupigia shoti, king'ora na kibao cha njano cha onyo. Upande wa pili ni nyumba janja: swichi mbili, kitasa cha kidole kwenye kipande cha mlango, sensa ya mlango, taa. Kila kitu kinafanya kazi. Mafundi waliufunga kwa uangalifu kuliko wanavyofunga kwa mteja, kila waya umekatwa sawasawa na kupewa lebo, na ncha za nyaya za fensi zimesokotwa zote upande mmoja.

Picha zote za wasifu sasa zinatoka hapo. Lokesheni imezimwa kwenye kamera ya simu, maana picha ikipandishwa kwenye tovuti kama ilivyo inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Ndani ya karakana haina madhara, ila tunataka mkono uzoee, ili siku fundi akipiga picha ya hitilafu nyumbani kwa mtu isiende na anwani.

Ubao umefanya kazi ambayo hatukuipanga. Alipiga mtu simu, sauti ya upole, akasema anataka kufunga kamera Shangani, aambiwe nyumba zipi za huko wameshafunga akazione. Dada wa ofisini akamjibu kwa adabu, "Kaka, karibu ofisini, kila kitu utakiona kwenye ubao na fundi atakuelezea. Nyumba za watu hatuzitaji." Yawezekana alikuwa mteja wa kweli. Mteja wa kweli akisikia jibu hilo anajua na yake haitatajwa.

Agosti. Tovuti

Tovuti ni ya Kiswahili, kurasa chache, nyepesi kufunguka kwa bando dogo. Jina, simu na mahali vimeandikwa sawasawa na kwenye wasifu, na vimewekwa pia kwa mpangilio ambao mashine za kutafuta zinausoma.

Tulishauriwa tutengeneze ukurasa mmoja tuunakili kwa kila mji: Kufunga kamera Mtwara, Kufunga kamera Newala, Kufunga kamera Nachingwea, maneno yaleyale na jina limebadilishwa. Tumekataa. Google wanazihesabu kurasa za namna hiyo kuwa taka, na hata bila hivyo, msomaji wa Newala hapati chochote. Ukurasa wa mahali unaandikwa pale tu fundi ana jambo la mahali hapo.

Kwa Shangani na Mikindani analo. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi inakula viungio vya waya kabla haijaigusa kamera yenyewe. Fundi ameeleza kwa mdomo, sisi tukaandika: viungio vikae ndani ya boksi lisilopitisha maji, waya upinde kushuka chini kabla ya kuingia ukutani ili maji yadondoke yasifuate waya, skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na vioo vya kamera vifutwe kwa kitambaa chenye maji baridi kila baada ya muda. Nyaya za fensi za mabati ya bei rahisi zinachakaa mapema huko. Ni afadhali za alumini au za chuma kisichoshika kutu.

Ukurasa wa Masasi, Newala na Tandahimba unahusu maghala. Anayeuliza kutoka kule mara nyingi ni wa ghala au duka la pembejeo: umeme ukikatika kamera zitaendelea kwa muda gani, intaneti ya simu inatosha kutazama ukiwa mbali, vumbi je?

Ukurasa tuliouhangaikia kuliko yote unajibu swali ambalo kila mteja anauliza: "Inarekodi siku ngapi?" Maduka mengi yanajibu "mwezi mzima" bila hesabu. Sisi tumeweka hesabu. Kamera moja iliyowekwa kutuma megabiti 2 kwa sekunde, zikiwa nne ni megabiti 8, ambazo ni megabaiti 1 kila sekunde. Siku ina sekunde 86,400. Kwa hiyo kamera nne zinakula takribani gigabaiti 86 kwa siku, na diski ya terabaiti 1 inajaa baada ya siku 11 hivi, kisha inaanza kufuta za zamani. Ukitaka siku 23, chukua terabaiti 2. Ukiziweka zirekodi panapokuwa na mwendo tu, siku zinaongezeka, na hapo inategemea geti lako lina pilikapilika kiasi gani. Mteja akishaisoma hesabu hiyo anapiga simu akijua anachonunua, na fundi hapotezi asubuhi nzima kubishana.

Wa pili: "Fensi ya umeme inaua?" Jibu linaeleza kwamba mashine halali inapiga mapigo mafupi sana, yakipishana kwa sekunde moja au zaidi, na kiwango cha kimataifa kinaizuia isizidi nishati ya joule 5 kwa pigo, volti ni nyingi lakini pigo halidumu. Kisha tukasema bila kuzunguka: kuunganisha ukuta moja kwa moja na umeme wa nyumbani kunaua, karakana haifanyi, na yeyote anayejitolea kukufanyia hivyo mkatae. Mwenye karakana ndiye aliyetaka sentensi hiyo iwe juu kabisa ya ukurasa, na ndipo ilipo.

Leseni ya umeme ya EWURA ya fundi mkuu imetajwa kwenye ukurasa wa kwanza, na daraja lake. Mtu aliye mbali hana njia ya kumpima fundi kwa macho.

Septemba. Maoni ya wateja

Hapa ndipo sharti la mwenye karakana limebana zaidi. Maoni yanasaidia biashara ijulikane, lakini mtu anayeandika kwa jina lake hadharani kwamba amefungiwa kamera anajitangaza. Wengine wamekataa, na tumewaelewa.

Tumepanga hivi. Dada wa ofisini anatuma ujumbe mmoja kwa kila mteja aliyekubali kutumiwa, awe amefurahi au la. Google hawaruhusu kuwachagua waliofurahi tu, wala kutoa zawadi au punguzo ili mtu aandike. Kukubali kwenyewe kunaulizwa siku ya kazi na kuandikwa kwenye fomu, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haikupi namba ya mteja uifanyie upendavyo. Ujumbe unamwomba aeleze kama fundi alifika kwa wakati, kama aliacha pasafi, kama alimfundisha kutumia simu. Na una mstari huu: "Tafadhali usitaje mtaa wako, idadi ya kamera wala zilipofungwa."

Mstari huo haukutungwa mezani. Mama mmoja aliandika maoni kwa moyo mweupe, nyota tano, akasifia vijana kwa heshima yao, kisha akaendelea: kamera tatu za mbele ziko safi, bado za uani, nitamalizia mwisho wa mwezi. Jina lake liko juu, na picha yake. Tumempigia jioni ileile. "Mama shikamoo, tumeyaona maoni yako, tunashukuru sana, lakini tunakuomba uondoe maneno ya uani." Akanyamaza kidogo, akasema, "Ee, kweli mwanangu, nimewaonyesha mlango." Akahariri mwenyewe. Kesho yake mwenye karakana akawapeleka vijana wamalizie za uani kwa mkopo.

Majibu yetu kwa maoni nayo ni mafupi: asante, karibu tena. Hatuthibitishi alifungiwa nini.

Wanaoweza kusema kwa uwazi ni wenye biashara: duka la dawa, hoteli, kituo cha mafuta. Kamera zao zinaonekana na kila anayeingia, na vibao vya onyo viko ukutani. Baadhi wamekubali kutajwa kwenye tovuti, kwa maandishi.

Septemba, mwishoni. Kupima

Ukiwa karakana ukatafuta, karakana inatokea ya kwanza. Umekaa juu yake. Kwa hiyo tunawaomba ndugu na marafiki walioko Chuno, Ligula, Naliendele, Mikindani na Lindi watafute kwa maneno tuliyowapa na kututumia picha ya skrini. Jambo moja limejitokeza: simu ikiwa imezimwa lokesheni na mtu hakutaja mji, mara nyingi yanakuja matokeo ya Dar es Salaam, kwa sababu Google inakisia mahali kwa kutumia anwani ya intaneti. Kwa hiyo maneno yenye jina la mji ndiyo tunayoyafuatilia kwa karibu, na ndiyo anayoyatumia yule mwenye nyumba aliye mbali.

Ndani ya mji, "kufunga kamera Mtwara" sasa inatuonyesha kwenye ramani kutoka kila kata tuliyopima. Mikindani inatokea, chini kidogo. Lindi haitokei kwenye ramani, inatokea tovuti.

Ripoti ya wasifu inaonyesha maneno ambayo watu walitumia. Mji wetu si mkubwa, mengi yameandikwa tu "chini ya 15", yaani waliotafuta kwa maneno hayo hawafiki 15. Hatuyadharau. Chini ya orodha hiyo kuna "kamera ya sola shamba" na "kitasa cha kidole bei", na hatukuwa na ukurasa wa chochote kati ya hivyo. Tumeanza kuziandika kurasa hizo.

Oktoba

Minada imeanza. Simu zinazoanza na "nimewaona Google" dada wa ofisini anazipigia alama kwenye daftari, na zinatoka palepale tulipotarajia: waliohamia, na walio mbali. Mmoja yuko Dodoma, nyumba iko Mikindani. Ameunganishwa na fundi kwa simu ya video akiwa kazini, akaamua nafasi za kamera huku mlinzi wake akitembea na simu kuzunguka ukuta.

Ukurasa wa nyumba janja umechelewa kwa sababu fundi hataki tuahidi kisichowezekana. Swichi nyingi za kuwashia kwa simu zinahitaji waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme, ndani ya boksi la swichi, na nyumba nyingi hapa zimesukwa bila huo. Nyingi pia zinashika Wi-Fi ya gigahezi 2.4 tu, na mteja akiwa na ruta mpya inayotumia gigahezi 5 anahangaika bure. Yote mawili yataandikwa juu ya bei, pamoja na ushauri kwa anayejenga sasa: mwambie fundi wa waya apitishe nyutro kwenye kila boksi kabla ya plasta.

Lindi imebaki. Kuna aliyependekeza tuweke alama ya ramani kwenye nyumba ya ndugu wa mwenye karakana kule ili tuhesabiwe tupo. Hatutaweka ofisi isiyokuwapo. Kanuni haziruhusu, na mteja wa ulinzi akifika akakuta sebule ya mtu hatarudi. Mwenye karakana anazungumza na fundi wa Lindi mjini ambaye ana fremu yake na kibao chake. Wakielewana, tutaanza na ubao wa pili.